Pua Peke Yake Haitoshi Kuhukumu Chakula

Mwezi uliopita waliingia ofisini kwetu akina mama watano wa kikundi kimoja cha makazi. Mmoja wao alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Humo walikuwa wamesoma habari za jibini ya Ulaya, yaani ile ambayo wengi wetu huiita chizi, lakini ya namna ya pekee: jibini inayonuka vikali sana, na ambayo kipande chake kidogo huuzwa kwa bei kubwa katika maduka ya Nairobi. Swali lao lilikuwa fupi. "Karani, mvua ikinyesha maziwa tunayo mpaka tunayamwaga. Je, tuchukue mkopo tutengeneze hii?"

Bwana Shamba alikuwa safarini siku hiyo. Mimi ni karani tu, kazi yangu ni barua na madaftari. Lakini kabla ya kuja ofisini nilisomea ualimu, na mwalimu akiulizwa swali hawezi kulala mpaka alijibu. Niliwaomba wanipe muda. Nimeuliza wanaojua, nimekumbuka niliyoyaona mwenyewe, na sasa nawajibu hapa, kwa maana nadhani swali lao ni la wengi kutoka Masongaleni mpaka Mwingi.

Maoni yangu ni mawili. La kwanza, jibini hii ni chakula chema, na anayeikataa kwa sababu ya harufu tu anajinyima. La pili, si kazi ya kuchukulia mkopo katika nchi yetu ya joto. Mambo haya mawili hayapingani. Nitaeleza moja baada ya jingine.

Nianze na harufu. Miaka michache iliyopita nilipelekwa na wenzangu kwenye mafunzo ya maziwa huko milimani. Siku ya tatu mwalimu wetu aliweka mezani kitu cha mviringo, kimefungwa katika karatasi. Alipoifungua karatasi, mwenzangu aliyekaa karibu alitazama viatu vyake, kisha akatazama vyangu. Harufu ilikuwa ile ya soksi za mtu aliyetembea kutwa nzima. Wengine walitoka nje wakisema wanakwenda kunywa maji. Mimi nilibaki, lakini si kwa ushujaa. Nilibaki kwa sababu nilikumbuka jambo moja la aibu.

Nilipokuwa mtoto, susu wangu alikuwa akigandisha maziwa ndani ya kibuyu. Alikisafisha kwa maji ya moto, akakifukiza kwa moshi wa kijinga, akayaweka maziwa humo siku kadhaa. Yalipokuwa tayari yalikuwa mazito, yenye ukali na harufu ya moshi. Nilipoanza shule ya bweni nikarudi likizo, nilishika pua mbele yake nikasema maziwa yake yananuka. Hakunijibu neno. Alichukua bakuli, akanywa yeye, akaniacha na chai ya rangi. Susu amekwisha kufa, na maziwa yale hakuna mwingine nyumbani anayejua kuyafanya kama yeye. Basi siku ile ya mafunzo nilijiambia kwamba sitashika pua mara ya pili.

Nikala kipande kidogo. Ndugu wakulima, nawaambieni kweli, ulimini haikuwa kama puani. Ndani ilikuwa laini kama siagi iliyoanza kuyeyuka, ya rangi ya manjano hafifu, yenye chumvi na ladha kama ya nyama iliyochemshwa polepole. Nilirudia mara ya pili, na ya tatu.

Sasa harufu hiyo inatoka wapi? Jibini nyingi huanza kwa njia moja. Maziwa hutiwa joto kidogo, yakatiwa vijidudu vyema vya kuyachachusha, kisha yakatiwa dawa ya kuyagandisha, ambayo tangu zamani ilitoka katika tumbo la ndama anyonyaye. Maziwa yakishika, hukatwakatwa ili maji yatoke, na donge likawekwa katika vyombo vyenye matundu. Mpaka hapo hakuna harufu ya ajabu. Tofauti inakuja baadaye. Jibini hii huwekwa mahali penye baridi na unyevu, na kila baada ya siku mbili tatu huoshwa au kupanguswa kwa maji ya chumvi, muda wa wiki nne mpaka nane. Kuvu ya kawaida haipendi kuoshwa namna hiyo. Bali kijidudu kimoja, ambacho wataalamu hukiita Brevibacterium linens, hupenda sana chumvi na unyevu. Hicho ndicho kinachoifanya ngozi ya jibini iwe ya rangi ya machungwa, na ndicho kinacholeta harufu. Na wala hatukukosea tulipotazama viatu vyetu, kwa maana jamaa za kijidudu hicho huishi katika ngozi ya miguu ya watu.

Hata mbu wanaijua harufu hii. Mwaka wa 1996 wataalamu wawili wa Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, walitangaza kwamba mbu aenezaye malaria, yule aitwaye Anopheles gambiae, huvutwa na harufu ya jibini ya Limburger, ambayo ni mojawapo ya hizi zinazooshwa. Mbu huyo hupenda kuuma miguu na vifundo, na jibini ile ilimnukia kama mguu wa mtu. Mwaka wa 2006 kazi hiyo ilipewa zawadi ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa mambo ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Sisi wa Kibwezi na Kitui, ambao twaijua malaria, twaweza kucheka na kufikiri pia. Jambo linalonuka laweza kuwa na elimu ndani yake.

Jibini za namna hii zina umri mkubwa. Katika Ufaransa iko ile iitwayo Munster, ya milima ya Vosges, ambayo jina lake linatokana na nyumba ya watawa. Watawa wengi wa zamani walikuwa na siku nyingi za kutokula nyama, na jibini yenye ladha ya nyama iliwafaa. Iko pia Époisses ya Burgundy, ambayo huoshwa kwa pombe kali ya zabibu. Limburger ilianza katika nchi ya Limburg, ambayo siku hizi imegawanyika kati ya Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, kisha wahamiaji wakaipeleka mpaka Wisconsin, Marekani. Watu hao hawakuwa matajiri wa mjini. Walikuwa wafugaji kama sisi, waliokuwa na maziwa mengi msimu mmoja na njaa msimu mwingine, wakatafuta njia ya kuhifadhi ya leo kwa ajili ya kesho. Susu wangu alifanya hivyo hivyo na kibuyu chake. Kwa hiyo anayesema kwamba chakula chenye ukali na harufu ni mambo ya Wazungu, na akumbuke kilichokuwa kikining'inia nyumbani kwa mama yake.

Kama mkibahatika kuletewa jibini hii na mtoto aliyeko Nairobi, au mkikaribishwa mezani, fanyeni hivi. Msiile ikiwa baridi. Itoeni katika friji mapema. Ulaya huiacha saa nzima, lakini kwa joto letu nusu saa yatosha, na iwe kivulini. Msianze kwa kunusa. Anzeni kwa kula. Ikateni kutoka katikati kuelekea ukingoni, kama mnavyokata keki, ili kila mtu apate sehemu ya ndani na ya ngozi. Mgeni wa chakula hiki aanze na sehemu ya ndani, kipande kama ncha ya kidole gumba. Ngozi huliwa, lakini anayeiona kali aikate aiache, si dharau. Watu wa Vosges huila pamoja na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, na kule Wisconsin huila Limburger kwa mkate mweusi na kitunguu kibichi. Mimi naona viazi vitamu vyafaa pia, na tone la asali ya Kitui juu yake huituliza chumvi vizuri sana. Chai kali isiyo na sukari ni rafiki yake. Iliyobaki ifungeni katika karatasi, kisha katika kopo lenye kifuniko, la sivyo maziwa na siagi ya jirani yake vitanuka vyote.

Lakini mkulima lazima ajue kutenganisha harufu ya kuiva na harufu ya kuoza. Harufu ya soksi, ya zizi safi, ya nyama iliyochemshwa, hizo ni za kuiva. Harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi, kama mkojo wa mbuzi uliofungiwa bandani, ni dalili kwamba jibini imepita wakati wake. Ikiwa chungu ulimini, au imeota kuvu nyeusi, tupeni. Tena, wanawake wajawazito, wazee wasio na nguvu na wagonjwa wasile jibini laini za namna hii. Kijidudu kiitwacho listeria chaweza kukaa katika unyevu wa ngozi yake, nacho huweza kuharibu mimba. Hilo si jambo la kubishana.

Basi, kama jibini hii ni nzuri hivyo, kwa nini nasema akina mama wale wasichukue mkopo? Twende kwenye hesabu.

Kikundi chao kina watu 20. Wakati wa mvua kila mmoja aweza kutoa lita 2 za ziada kwa siku, baada ya nyumba kushiba. Hizo ni lita 40. Kwa kawaida yatakiwa lita 10 hivi za maziwa ya ng'ombe kupata kilo 1 ya jibini. Kwa hiyo lita 40 zinazaa kilo 4 kwa siku. Hapo wengi hufurahi. Lakini jibini hii haiuzwi siku hiyo. Tuseme inakaa wiki 6, yaani siku 42. Siku 42 mara kilo 4 ni kilo 168. Kabla ya kupata shilingi ya kwanza, kikundi kitakuwa na kilo 168 chumbani, zilizotoka katika lita 1,680 za maziwa ambayo hakuna aliyeyalipia. Na kila kipande katika hizo lazima kioshwe kwa mkono mara mbili au tatu kwa wiki, bila kukosa, hata siku ya mazishi na siku ya kupanda.

Chumba chenyewe kiwe cha namna gani? Chahitaji baridi ya digrii 10 mpaka 15 na unyevu mwingi, mchana na usiku. Kule Limuru, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, hewa yenyewe husaidia. Ndiyo sababu kampuni ya Brown's imetengeneza jibini huko Tigoni tangu 1979. Kule Masisi, mashariki ya Kongo, wafugaji hutengeneza jibini isiyo na harufu kali namna hii, wakaiteremsha kuiuza Goma. Huko nako ni milima yenye ubaridi. Wote na Kitui ziko chini, karibu nusu ya kimo cha Limuru, na katika Februari na Septemba kila mtu anajua jua letu. Sisi tutahitaji mashine ya baridi na umeme usiokatika. Umeme ukipotea siku tatu, kilo 168 zitageuka, na mkopo utabaki vile vile. Benki hainusi jibini. Inadai fedha zake.

Kisha kuna msimu. Mvua zetu ni za Machi mpaka Mei na za Oktoba mpaka Desemba, na zile za mwisho wa mwaka ndizo tunazozitegemea zaidi. Baina yake ng'ombe hukauka. Duka la Nairobi lataka jibini kila wiki, halitaki kuambiwa mvua imechelewa.

Najua mtasema karani anakata tamaa za watu. Bwana mmoja aliniambia hivyo hivyo nilipomweleza hesabu hii. Alisema kwamba babu zetu walipohamia makazi ya Makueni katika miaka ya 1940, kulikuwa na pori, faru na mbung'o, na kama wangesikiliza makarani wasingelima hata shamba moja. Maneno yake yana ukweli, nami nayaheshimu. Lakini wazee wale walianza kwa kufyeka, hawakuanza kwa kuvuna. Nami nasema tuanze kwa kufyeka.

Kufyeka kwenyewe ni huku. Kwanza, maziwa yawe safi. Osheni mikono na chuchu, tumieni chombo cha chuma badala ya mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta, na mbuzi au ng'ombe aliyetupa mimba apimwe na daktari wa mifugo. Ugonjwa wa brusela hupita katika maziwa mabichi, ukamlaza mtu kwa homa na maumivu ya viungo kwa miezi. Kuchemsha kunaua ugonjwa huo. Kugandisha peke yake hakuuui.

Pili, fanyeni maziwa lala kwa utaratibu. Chemsheni, yapozeni mpaka yawe vuguvugu, tieni kijiko cha maziwa lala mazuri ya jana, funikeni, msiyaguse mpaka asubuhi. Mkifanya hivyo kila siku kwa namna ile ile, yatakuwa na ladha ile ile, na mnunuzi hupenda kitu asichokibahatisha.

Tatu, jaribuni jibini ya limau, ambayo haitaki friji kubwa wala mkopo. Chukueni lita 5 za maziwa, yatieni moto mpaka yakaribie kuchemka, huku mkikoroga yasishike chini. Epueni. Mimineni maji ya limau kidogo kidogo, mkikoroga polepole, mpaka mabonge yajitenge na maji yawe ya kijani hafifu. Chujeni kwa kitambaa safi kilichochemshwa, tieni chumvi, fungeni, kisha wekeni jiwe safi juu yake kwa saa mbili. Mtapata kipande kigumu, pungufu kidogo ya kilo moja, chenye ladha ya upole. Kikateni, mkikaange na kitunguu na nyanya, mkile na muthokoi au chapati. Kiliwe siku hiyo au kesho yake. Maji yaliyobaki msiyamwage. Yafaa kwa uji, na nguruwe huyapenda. Makueni ina malimau na machungwa mengi kiasi cha kuozea chini ya miti. Vitu viwili tulivyokuwa tukivipoteza vyaweza kutengeneza chakula kimoja.

Kikundi kikiweza kufanya hayo kwa mwaka mzima, mvua na kiangazi, bila daftari kuwa na siku tupu, basi kitakuwa kimejifunza usafi, chumvi, kipimo na subira. Hizo ndizo kazi nne za mtengenezaji wa jibini yoyote duniani. Baada ya hapo waje ofisini na daftari hilo, nami mwenyewe nitawaandikia barua ya kuomba mafunzo ya jibini za kukomaa. Mkopo uje nyuma ya daftari, usitangulie.

Akina mama wale walirudi juma lililopita kuchukua majibu. Niliwasomea haya niliyoyaandika. Yule mwenye kipande cha gazeti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nilikuwa na jibini yenyewe waionje. Kwa bahati nilikuwa na kipande kidogo nilicholetewa kutoka Nairobi, nimekificha katika friji ya ofisi, na wenzangu wamekwisha kunilalamikia. Nilikitoa. Wanne walionja. Wawili walisema ni tamu. Mmoja alisema inafanana na maziwa ya kibuyu ya mama yake yaliyokaa sana, akaomba tena. Wa nne alitema nje ya mlango akasema Mungu amsamehe. Wa tano alikuwa mjamzito, nikamzuia, akacheka, akasema ataonja mtoto akizaliwa.

Walipoondoka walikuwa wakibishana juu ya nani ana kitambaa kizuri cha kuchujia. Hawakuutaja mkopo tena. Nami nimeanza kumtafuta mzee yeyote wa kwetu anayejua kufukiza kibuyu kama susu alivyofanya. Msomaji anayemjua mtu wa namna hiyo, mume au mke, na apite ofisini anielekeze. Nitakwenda na daftari langu, na sitashika pua.

Wenu katika kazi,
Karani wa Kilimo